Mapindo ya Vidole Vinne

Magauni yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mama Kibonge.

Alikuwa ameyatandaza kitandani, katika chumba walichopewa tangu wafike, chumba chenye dirisha moja na kabati ambalo mlango wake haukubali kufunga. Yote ya mtoto wa kike, yote yameshonwa na mkono mmoja. Kola zimekaa. Kila kifungo kimezungushiwa uzi shingoni, kazi ambayo siku hizi mafundi wengi hawana subira nayo. Kesho asubuhi walikuwa wanapanda ndege kurudi ng'ambo, yeye, mume wake, na binti yao ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mama mkwe alikuwa amekuja na furushi, akaliangusha mlangoni kama mtu anayetoa takataka.

"Nguo za mtoto," alisema, akaenda zake.

Mama Kibonge aligeuza gauni la kwanza ndani nje. Fundi wa nguo hatazami gauni kwa mbele. Kwa mbele hutazama mnunuzi. Vidole vyake vikafuata mshono wa ubavuni hadi chini, vikafika kwenye pindo, vikasimama.

Pindo lilikuwa na upana wa vidole vinne, limeshikwa kwa mishono mirefu ya mkono, ile inayofumuka yote ukivuta uzi mmoja. Akachukua gauni la pili. Vidole vinne. La tatu, la nne. Alipofika la mwisho alikuwa hapimi tena, anahakikisha tu.

Akakaa kitandani polepole.

Inafaa msomaji ajue kwamba kabla ya kuwa mke wa mtu, mwanamke huyu alikuwa mwanafunzi katika duka la ushonaji la huyo huyo mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Somo la kwanza alilopewa pale halikuwa cherehani, lilikuwa pindo. Fundi alimwekea nguo mbili mezani akamwambia, "Mtoto wa mteja, mkunjie kidole kimoja na nusu. Anaondoka, akirefuka si kazi yako. Mtoto wa humu ndani mkunjie vinne, kwa sababu mwaka hadi mwaka utamshushia wewe mwenyewe." Duka lile lilikuwa na sheria nyingi, lakini hiyo haikuwahi kuvunjwa.

Hakuna anayemshonea vidole vinne mtoto anayepanda ndege kesho.

Aliyakunja magauni yote, akayabeba kifuani, akatoka nayo hadi sebuleni.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, miwani imeshuka puani, futi kamba shingoni kama kawaida yake. Binti yake, yaani wifi wa Mama Kibonge, alikuwa kwenye kochi akipaka rangi kucha za miguu. Kibonge alikaa sakafuni katikati yao, akipanga vibiringo vya nyuzi na kuvisukuma vianguke. Alikuwa amekaa mbali na kiti cha bibi yake. Ndivyo alivyokuwa akikaa tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza haikusahaulika. Kibonge alimjua bibi yake kwenye simu tu. Kila jioni huko kwao walimpigia, akaonekana kwenye kioo, mtoto akabusu kioo, na mwisho wa mazungumzo wakamruhusu abonyeze kile kitufe chekundu, bibi akapotea. Basi walipofika, na Fundi akaanza kumkaripia mkwewe hata mabegi hayajatuliwa, mtoto akajinyoosha kutoka mkononi mwa mama yake, akaweka kidole gumba kwenye kidevu cha bibi, akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena. Wifi alicheka hadi akashika ukuta. Fundi hakucheka. Tangu hapo, kila aliponyoosha mikono, mtoto alimkimbia, akaokota simu ya mama yake, akaionyesha na kusema, "Bibi." Maana yake, bibi yangu yumo humu, wewe sikujui.

"Mama, nina swali," alisema Mama Kibonge.

"Wewe toka zamani una maswali. Maswali mengi, kushona kidogo."

"Haya magauni ni ya nani?"

"Nimekwambia. Ya mjukuu wangu."

"Mjukuu wako anasafiri kesho."

Cherehani haikusimama. "Nyinyi mnasafiri kesho," Fundi alisema bila kuinua macho.

Wifi akashusha kijiti chake cha rangi. "Aa. Kumbe hajaambiwa."

"Sijaambiwa nini, wifi?"

"Mimi simo. Mimi napaka kucha."

Sasa Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga yake, akaivaa tena, kama mtu aliyengoja saa hii na hataki kuiharakisha.

"Mtoto anabaki," alisema. "Baba yake ameshakubali. Kile kitanda kidogo chumbani kwangu, na lile godoro jipya, ulifikiri nimejinunulia mimi?"

"Amekubali lini?"

"Kabla hamjaja. Kwenye simu. Nilimwambia, mwanangu, nyinyi mnafanya kazi za zamu, mmoja akiingia mwingine anatoka, mtoto analelewa na watu wasiojua hata jina la babu yake. Mleteni nimlee, akifika umri wa shule tutaona. Akasema, sawa mama."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi niliyemzaa."

"Hongera."

Wifi alikohoa. Mama Kibonge aliweka magauni mezani, moja juu ya jingine, kingo zikalingana.

"Mama, mimi najua hunipendi."

"Nilikupenda," Fundi alisema. "Usinisahaulishe. Ulikuja pale dukani hujui kutunga sindano. Nikakufundisha. Nikakupa ufunguo, ufunguo ambao huyu wa tumboni mwangu sikumpa."

"Sikuutaka," alisema wifi.

"Nyamaza. Nikakupa ufunguo, na wewe ukanichukulia mwanangu, ukaenda naye huko, mpaka leo namwona kwenye kioo kipana kama kipande cha sabuni. Mtoto wangu wa kiume. Sasa mimi nataka wako kwa miaka michache tu, unanitazama kama nimekushika koo."

"Ungetaka kuniomba, ungenikunjia kidole kimoja na nusu, mama. Ukaniita, tukakaa, ukasema. Mimi ningekataa, lakini ungekuwa umeniomba." Akagusa gauni la juu. "Umekunja vinne ukanyamaza. Ulisahau nani alinifundisha kusoma pindo."

Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani. Ukabaki pale pale.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mume wa Mama Kibonge, mwenye nyumba ile kwa damu na mgeni kwa miaka, akaingia na mzani wa kupimia mabegi ambao alikuwa ameuazima kwa jirani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo. Kazi yake huko ng'ambo ilikuwa kutengeneza lifti, na wenzake walimwita Bwana Sawa, kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema neno jingine kwa msimamizi. Mkewe naye alimwita hivyo siku za furaha.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Njoo," Mama Kibonge alisema. "Njoo useme hapa mbele ya mama. Ulikubali mtoto abaki?"

Alimtazama mama yake. Akamtazama dada yake, ambaye aliinamia kucha zake haraka. Mwisho akamtazama mke wake, na alipoona macho yale akajua kwamba hakuna pa kutokea.

"Mama alikuwa analia," alisema. "Nikasema sawa ili alale."

"Mimi ungeniambia lini? Kwenye foleni ya uwanja wa ndege?"

"Nilifikiri atasahau."

"Mama?" Wifi alishindwa kujizuia. "Asahau? Huyu anakumbuka siku uliyopoteza soksi ukiwa darasa la kwanza."

"Kwa hiyo hukumaanisha," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilitisha zaidi kuliko ilivyokuwa juu. "Nimenunua godoro. Nimeshona hadi macho yanatoa machozi. Na wewe ulikuwa unanibembeleza kama mtoto."

"Mama, mimi..."

"Hapana, endelea kusema sawa. Ndiyo kazi yako."

Mama Kibonge alimwinua binti yake sakafuni, kibiringo cha uzi kikiwa bado mkononi mwa mtoto, akaondoka naye. Uzi mwekundu ukafunguka nyuma yao sakafuni hadi mlango wa chumba.

Mume alifuata uzi ule. Aliingia, akafunga mlango, akasimama pale pale kama anayengoja kukaribishwa.

"Usiniguse," mkewe alisema, ingawa yeye hakuwa amesogea.

"Sijakugusa."

"Ulitaka."

Kweli alitaka. Alikuwa anatazama shingo ya mkewe pale nywele zilipoanzia, mahali alipokuwa anapatazama enzi zile dukani, mama yake akiwa amegeuka. Miaka yote hiyo, na bado mkewe akikasirika alikuwa anainamisha kichwa upande ule ule, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Mtu mzima huyu alijisikia kama mvulana, akaona aibu.

"Unakumbuka zile suruali?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Usinitajie suruali."

Lakini alizikumbuka. Kila wiki mwanamume huyu alikuwa analeta suruali ile ile dukani, eti pindo limefumuka. Yeye alimshonea mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akatazama uzi kwa karibu, akaona haukuchoka wala haukukatika. Ulikatwa kwa wembe, safi, toka mwanzo hadi mwisho. Hakumwambia mtu. Alimshonea, tena kwa mishono mirefu, ili wiki nyingine asipate taabu kuifumua. Hivyo ndivyo walivyotongozana, bila neno la mapenzi, chini ya pua ya Fundi mwenyewe, aliyejiona hakuna pindo linaloweza kumpita.

"Unajua kitu gani kinaniuma?" alisema sasa, akimfuta mtoto pua kwa kiganja. "Si mama. Mama anajulikana, anapiga mbele. Wewe unakuja kwa nyuma, kimya kimya, na moyo mzuri. Siku ya kumwambia kwamba tunataka kuoana, nani alisema?"

Alitazama ule uzi mwekundu sakafuni.

"Nakuuliza."

"Wewe."

"Siku ya kumwambia tunasafiri?"

"Wewe."

"Ndiyo maana mimi ndiye mwizi katika nyumba hii. Wewe hujawahi kumwambia hapana hata mara moja, kwa hiyo kila hapana iliyofika masikioni mwake ilitoka kinywani mwangu. Wewe ni mtoto mzuri. Mimi nimekuharibu." Machozi yalimshuka, akayaacha. "Nimechoka kuwa mdomo wako."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nitatafuta wakati mzuri..."

"Nisikilize vizuri, Baba Kibonge. Kesho tunapanda ndege. Tutapanda watatu, au tutapanda wawili, mimi na huyu. Ukishindwa kusema, wewe baki ulale kwenye lile godoro jipya, mama akupunguzie mapindo."

Alimwita Baba Kibonge. Hakumwita Bwana Sawa, hakumwita mpenzi. Alimtazama mke wake kwa muda, na katika uso ule uliovimba kwa kilio hakuona kitisho. Aliona mtu aliyefika mwisho wa uzi wake. Kama angemgusa wakati ule, angempoteza. Akageuka, akafungua mlango, akaenda.

Mama Kibonge alisikia kila kitu, kwa sababu kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba na hakuna aliyejali kunong'ona.

"Mama, mtoto haachwi."

"Amekutuma."

"Ndiyo, amenituma kusema. Neno lenyewe ni langu. Mtoto haachwi, mama. Nasema hapana."

Kisha sauti ya Fundi, "Rudia."

"Hapana. Na ilikuwa niseme kule kwenye simu. Nilikudanganya, ukashona usiku na mchana kwa uongo wangu. Kosa hilo ni langu, usimpe mke wangu. Hata kule kusafiri, mimi ndiye nilitafuta ile kazi. Mimi ndiye nilitaka kwenda. Yeye alilia juma zima kwa sababu ya duka lako."

"Hukuwahi kuniambia hivyo."

"Sikuwahi kukuambia chochote."

Cherehani ilifunikwa. Mama Kibonge aliujua mlio ule wa kifuniko cha mbao, ndio uliokuwa ukifunga siku pale dukani.

"Kesho msiniamshe," Fundi alisema. "Mlango mnaujua." Na mlango wa chumba chake ukafungwa, si kwa kishindo, bali taratibu, hadi kitasa kikalia.

Jioni ilianza kuingia. Walitoa mabegi sebuleni, wakaanza kufungasha. Wifi aliwasha taa ya sebuleni, akasogea karibu na meza yenye magauni, akitembea kwa visigino ili rangi isiharibike.

"Wifi, utayachukua au utayaacha?" aliuliza.

"Sijui."

"Mimi kusema kweli yananitia wivu. Mimi alinishonea vidole vitatu." Akaondoka zake kwa visigino vile vile.

Simu ya Mama Kibonge ikalia mezani. Kibonge akawa wa kwanza kuifikia, akaikumbatia, akampelekea mama yake aifungue. Kwenye kioo kulikuwa na sura ya Fundi, miwani usoni, na nyuma yake ukingo wa kitanda kidogo chenye godoro ambalo bado lilikuwa kwenye nailoni. Alikuwa anapiga kutoka chumbani kwake, hatua chache tu kutoka hapo.

"Bibi," alisema mtoto kwa furaha ambayo hakuwahi kuionyesha tangu wafike, akabusu kioo.

"Hujambo, mama mdogo," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya kila jioni, laini, ambayo mkwewe alikuwa amesahau kwamba ipo. "Umekula? Umeshiba? Mwambie mama yako alete yale magauni hapa mlangoni. Mapindo ni marefu mno kwa mtoto wa safari. Nitayapunguza usiku huu."

Mama Kibonge hakuingia kwenye kioo. Alisimama nyuma ya mtoto, akasema kwa juu kidogo, "Mwambie bibi asiyaguse."

Kwenye kioo, Fundi alisukuma miwani yake juu ya pua.

"Mwambie nitayashusha mimi mwenyewe," aliendelea. "Kila akirefuka, nitashusha. Najua mishono yake. Yakifika mwisho tutamleta apimwe tena, hapa hapa, akiwa amesimama. Hatapimwa kwa picha."

Fundi alitazama pembeni, mahali ambapo kioo hakikumwonyesha. Futi kamba ilitikisika shingoni.

"Mwambie mama yako," alisema hatimaye, "asishonee uzi wa rangi nyingine. Namjua. Alikuwa na uvivu wa kubadilisha uzi."

"Sikuwa na uvivu, mama. Ulikuwa unaficha nyuzi nzuri."

"Nilikuwa naficha kwa sababu ulikuwa unamaliza."

Kibonge alikuwa ameinua kichwa. Sauti ilitoka kwenye simu, na sauti hiyo hiyo ilitoka nyuma ya mlango. Alitazama kioo. Alitazama mlango. Akaiweka simu sakafuni kwa uangalifu, sura ya bibi ikitazama dari, akatembea kwa miguu yake ya matege hadi mlangoni, akaupiga kwa viganja viwili.

"Nani anabisha?" Fundi aliuliza, na kitasa kikazunguka.

Mama Kibonge hakwenda kutazama. Kuna mambo ambayo mtu akiyatazama anayaharibu. Alianza kuyaingiza magauni kwenye begi, pindo juu ya pindo, na mume wake akaja akasimama kando ya meza kama mteja.

"Sema," alimwambia bila kugeuka.

"Suruali yangu imefumuka."

Alishusha macho. Pindo la mguu wa kulia lilikuwa linaburuta sakafuni. Akainama, akaliinua, akatazama uzi kwenye mwanga wa taa. Ulikatwa kwa wembe, safi, toka mwanzo hadi mwisho.

"Imefumuka yenyewe?"

"Yenyewe."

Alitaka kubaki amenuna. Alijitahidi sana. Lakini ilibidi ageuze uso upande wa begi, na mabega yakamsaliti.

"Sijakusamehe," alisema, akitafuta sindano kwenye kola yake. "Bado sana."

"Sa..." alianza, akalikamata neno kabla halijatoka. Akameza. "Nimesikia," alisema.

"Basi kaa hapo. Na usitikisike, nisije nikakuchoma." Akapiga magoti mbele yake, akatunga uzi wa rangi ile ile, akaanza kushona kwa mishono mifupi sana, ya kubana, ambayo wembe ungepata taabu kuikata.